Bomu Chafu na Kikombe cha Kijani

Mvua ilikuwa imenyesha tangu alasiri, na kati ya wanafunzi wangu kumi na mmoja walikuwa wamefika sita tu. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Oktoba 2022, hapa Kampala. Mwezi Julai Baraza la Mawaziri lilikuwa limeidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Uganda, na watu ambao miaka yote walikiita lugha ya wanajeshi na wezi wakaanza kutafuta walimu. Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Bombo. Kwetu Kiswahili kilikuwa cha barazani na cha madrasa zamani sana. Basi nikapata darasa la jioni: maafande wawili wa polisi, nesi, wakili, kondakta wa basi la Nairobi, na wengine waliokuja na kuacha.

Mmoja wa wale maafande aliinua simu yake. "Mwalimu, hii 'dirty bomb' kwa Kiswahili tunasema nini?"

Habari ilikuwa kila mahali wiki ile. Tarehe 23, Waziri wa Ulinzi wa Urusi, Sergei Shoigu, aliwapigia simu wenzake wa Marekani, Uingereza, Ufaransa na Uturuki, akidai kwamba Ukraine inaandaa bomu la namna hiyo. Ukraine ilikana, ikawaita wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki. Wakaguzi walikwenda sehemu tatu, na mwanzoni mwa Novemba wakasema hawakuona dalili yoyote. Lakini jioni ile hayo yalikuwa bado. Tulichokuwa nacho mkononi ni neno.

Nikajibu upesi: "Bomu chafu." Nikageuka kuandika ubaoni.

Nesi akasema, "Chafu vipi? Kwani kuna bomu safi?"

Niliiweka chaki chini. Nilijua jibu la kwanza la swali lile, yaani tafsiri. La pili sikulijua, na lilinichukua majuma kadhaa ya kusoma. Haya ninayoandika leo ni yale niliyowarudishia darasani, pamoja na jambo moja la nyumbani ambalo darasani sikulisema.

Kwanza, nesi alikuwa na haki kuliko alivyodhani: bomu safi liliwahi kusemwa, tena na wakubwa. Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni huko Bikini, katika Bahari ya Pasifiki. Nguvu yake ilifika sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT, zaidi ya mara mbili ya walivyotarajia wenyewe. Majivu ya matumbawe yaliyochanganyika na mionzi yakapanda angani, kisha yakawashukia watu wa visiwa vya jirani, na mashua ya wavuvi wa Kijapani iitwayo Daigo Fukuryu Maru. Ndani yake mlikuwa na wavuvi 23. Yale majivu meupe yaliwaangukia vichwani, wakayazoa kwa mikono mitupu. Mmoja wao alifariki Septemba mwaka huo.

Dunia ilipiga kelele. Katika miaka iliyofuata wanasayansi na wanasiasa wa Marekani wakaanza kuzungumzia mabomu ya nyuklia "safi", yaani yenye majivu machache ya mionzi, na yale mengine yakawa "machafu". Kwa hiyo ukikuta "dirty bomb" kwenye gazeti la Kiingereza la mwaka 1957, usidhani ni kile alichokitaja Shoigu. Pale ni bomu kamili la nyuklia, la kufuta mji, likisifiwa au likilaumiwa kwa wingi wa majivu yake.

Maana ya leo ni nyingine kabisa. Bomu chafu la leo si la nyuklia. Hakuna atomu inayopasuliwa, hakuna lile wingu la uyoga. Ni mlipuko wa kawaida, kama ule unaotumika machimboni au ule wa magaidi, uliotiwa ndani yake kitu kinachotoa mionzi ili kitawanyike. Neno limebaki lilelile, mwili wake umebadilishwa. Hii ndiyo sababu watu wengi, hata watangazaji, wakilisikia hufikiria Hiroshima.

Wenye kazi zao hawalipendi sana jina hili. Kwenye hati wao husema kifaa cha kutawanya mionzi, au silaha za mionzi. Na hilo la hati ndilo la zamani zaidi: mwaka 1948 tume moja ya Umoja wa Mataifa ilipoorodhesha silaha za maangamizi ya halaiki, ilitaja za atomiki, za vitu vya mionzi, na zile za kemikali na za vijidudu zenye kuua kwa wingi. Jina la kisheria lilikaa kabatini miongo mingi, hadi jina la mtaani likalipiku kwa siku moja. Siku yenyewe ni tarehe 10 Juni 2002, wakati Mwanasheria Mkuu wa Marekani, John Ashcroft, alipotokea kwenye televisheni akiwa ziarani Moscow na kutangaza kwamba kuna mtu aliyekamatwa mwezi uliotangulia katika uwanja wa ndege wa O'Hare, Chicago, akishukiwa kupanga bomu chafu. Miaka mitano baadaye mtu huyo alihukumiwa kwa mashtaka mengine, na la bomu chafu halikuwamo. Neno lilikuwa limeshaingia midomoni, na halikutoka.

Ajabu ni kwamba tangazo lilitolewa Moscow, mji uliokuwa umekwisha kuona kivuli cha kitu chenyewe. Novemba 1995 wapiganaji wa Chechnya, jimbo lililotaka kujitenga na Urusi, waliwaelekeza waandishi wa habari hadi bustani ya Izmailovo, na hapo kikapatikana chombo chenye siziamu-137, kitu kinachotoa mionzi. Hawakukilipua. Walitaka kijulikane kipo, basi. Na kwa kuwa hadi leo hakuna kundi la kigaidi linalojulikana kuwa limefanikiwa kulipua bomu la namna hii, tunaloliogopa kwa kweli tunalijua kwa jina tu, na jina linapaswa kuchunguzwa kwa makini zaidi.

Nirudi kwenye Kiswahili. "Bomu" kwetu Kampala si neno la vitabuni. Tarehe 11 Julai 2010, usiku wa fainali ya Kombe la Dunia, mabomu yalilipuka kwenye mkahawa wa Kihabeshi pale Kabalagala na kwenye uwanja wa ragi wa Kyadondo, na zaidi ya watu 70 wakafa. Afande wangu alikuwa kazini usiku ule. Kwake bomu ni kishindo, viti vya plastiki vilivyopasuka, na viatu visivyo na watu. Nilipomwambia kwamba kwenye bomu chafu wataalamu wengi wanatarajia kishindo chenyewe kiue watu wengi kuliko mionzi, alinitazama kama mtu aliyepunguziwa mzigo na kuongezewa mwingine. "Kwa hiyo hiyo mionzi ni ya nini?" Ni ya hofu, nikamwambia. Ni ya kufunga mtaa miezi au miaka, ya kufanya soko zima lisinunuliwe nyanya, ya kufanya watu wawakimbie majeruhi.

Halafu "chafu". Tunasema maji machafu, hewa chafu, lugha chafu, pesa chafu, mchezo mchafu. Neno linatoka kwenye tope na kwenda moja kwa moja kwenye tabia. Ukisema bomu chafu, msikilizaji anasikia bomu la hila, bomu la mtu mbaya, kana kwamba mengine ni ya watu wema. La tope halimjii akilini. Kiingereza nacho kina mchanganyiko huo, na nadhani ndiyo maana wanasiasa wamelipenda.

Nilijaribu kutafuta bora zaidi, na la kwanza kunijia lilitoka kwenye masomo ya tohara, yaani usafi wa ibada. Kila mtoto wa madrasa anajua tofauti ya uchafu na najisi. Kanzu yenye tope ni chafu, lakini unaswali nayo. Kanzu iliyodondokewa na tone la mkojo inang'aa kama theluji, na haiswaliwi. Najisi inaweza kuwapo isionekane, na ikiwa mbichi huhama kutoka kitu hadi kitu. Nikasema, hili hasa! Siziamu iliyosagika haionekani kwenye shati, haina harufu, lakini imo, na inahama kutoka shati hadi kiti cha teksi hadi mto wa mtoto. "Bomu la najisi." Nililiandika kwenye daftari, nikalipigia mstari mara mbili.

Usiku uleule nikalikata. Kilichonifanya nilikate ni kikombe.

Mwaka 2014 shangazi yangu, dada yake mkubwa baba, alitibiwa saratani ya titi kwa mionzi hapa Kampala. Wakati huo Uganda nzima ilikuwa na mashine moja ya tiba hiyo, ya kobalti-60, iliyosimikwa katika Hospitali ya Mulago mwaka 1995. Miaka miwili baada ya shangazi kumaliza, mwaka 2016, mashine ile iliharibika isitengenezeke, na wagonjwa wengine wakalazimika kupelekwa Nairobi. Kwa hiyo tulimshukuru Mungu kwa wakati aliojaaliwa. Alirudi Bombo amechoka, ngozi ya kifuani imebabuka kama mtu aliyeungua jua, lakini anatembea.

Nilipokwenda kumjulia hali nikamkuta kibarazani na kikombe cha plastiki cha kijani, kina kifuniko, kimechorwa ua ambalo nusu yake imefutika. Sisi wengine tukaletewa chai kwa vikombe vya udongo. Sikulitilia maanani hadi nilipoingia jikoni. Kikombe cha kijani, sahani moja na kijiko kimoja vilikuwa kwenye beseni lao, kando, juu ya ndoo iliyofunikwa. Wifi yake, mwanamke niliyemwona akimkanda shangazi miguu usiku kwa mikono yake mwenyewe, aliniambia kwa sauti ya chini: "Wamemchoma na yale mamionzi, mwanangu. Nina watoto wadogo humu." Na wajukuu walikuwa wamekatazwa kulala naye. Shangazi, ambaye alizoea kulala na watoto watatu kitandani kama paka na vitoto vyake, alikuwa analala peke yake. Hakuuliza kwa nini. Alidhani ndivyo daktari alivyoagiza.

Hakuna daktari aliyeagiza hivyo. Mimi nami sikujua la kusema, nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko kunakoniuma hadi leo.

Laiti ningejua wakati ule mfano nilioutumia darasani miaka minane baadaye. Kila nyumba ya Kinubi ina chetezo. Ukikaa karibu na chetezo, joto la makaa linakufikia. Ukikaa karibu mno kwa muda mrefu, linakuunguza. Ukiondoka, joto limekwisha. Huendi nalo kwa jirani, wala jirani akikushika mkono haungui. Hiyo ndiyo mionzi ya mashine ya hospitali: kobalti imefungwa ndani ya kichwa cha mashine, dirisha linafunguliwa, miale inapita mwilini, dirisha linafungwa, mgonjwa anaenda nyumbani bila hata chembe. Shangazi alimulikwa. Hakuchafuliwa. Lakini mtu akipiga teke chetezo, majivu yenye moto yakakumwagikia kwenye nguo, hapo utatembea nayo, na kila unapokung'uta unamwachia mwingine. Hilo ndilo bomu chafu: ni kupiga teke chetezo.

(Yapo matibabu ambamo mgonjwa humezeshwa dawa yenye mionzi, kwa mfano iodini kwa ugonjwa wa tezi ya shingo, na huyo hupewa masharti ya siku kadhaa na daktari mwenyewe. Niliyaeleza darasani kwa sababu nesi asingeniacha nipite.)

Sasa fikiria neno "najisi" liingie kwenye taarifa ya habari. Tumezoea kusema mtoto amenajisiwa, na sote tunajua maana yake na aibu inayomwangukia asiye na kosa. Tukisema watu wa mtaa fulani wamenajisiwa na bomu, nani atawapokea? Tungekuwa tumetengeneza vikombe vya kijani elfu na elfu.

Si dhana tu. Mwaka 1987, mjini Goiânia, Brazil, watu wawili waliingia kwenye jengo la zahanati iliyohama, wakachukua kichwa cha mashine ya zamani ya tiba ya mionzi wakidhani ni chuma cha kuuza. Wakakiuza kwa mwenye yadi ya vyuma chakavu. Ndani mlikuwa na siziamu-137, kama gramu 93, unga uliotoa mwanga wa buluu gizani. Mwenye yadi aliona ni kitu cha thamani, akawaita ndugu na majirani waje kutazama, akawagawia punje. Watu walijipaka. Mtoto wa miaka sita aliuchezea kisha akala kwa mikono ileile. Mke wa mwenye yadi ndiye aliyeunganisha ule unga na magonjwa yaliyoanza nyumbani, na ndiye aliyefanya kipelekwe kwenye ofisi ya afya, ndani ya mfuko, kwa basi. Yeye na yule mtoto ni miongoni mwa wanne waliokufa. Watu wapatao 112,000 walipimwa kwenye uwanja wa michezo, na 249 wakakutwa wamechafuliwa.

Hapakuwa na bomu. Hapakuwa hata na mtu mbaya. Lakini wataalamu wa silaha za mionzi wakitaka kujua bomu chafu lingeufanya nini mji, wanasoma Goiânia. Na kinachosomwa huko si vifo tu. Kulikuwa na hoteli zilizowakataa watu wa mji ule. Wasafiri walitakiwa kuonyesha cheti kwamba ni wazima. Na siku mtoto alipozikwa, kwenye jeneza lililozungushiwa risasi, yale madini mazito yanayozuia mionzi, watu walikusanyika makaburini na kurusha mawe ili asizikwe pale. Nilisoma hilo mara tatu.

Kwa hiyo nikaacha najisi, na sumu pia nikaiacha, kwa sababu bomu la sumu ni la kemikali. "Bomu la mionzi" ni karibu, ila linaleta picha ya miale inayoruka na kwisha, ilhali kinachotawanywa ni ule unga wenyewe unaoendelea kutoa miale. Siziamu-137 hupungua nusu tu kila miaka 30. Mwishoni nikawapa darasa hili: tuache "bomu chafu" kwa kuwa redio zimeshalishika, lakini likitajwa mara ya kwanza lifuatwe na "yaani bomu la vumbi la mionzi". Vumbi kila mtu analijua. Linaingia puani, basi ziba pua kwa kitambaa. Linapeperuka nje, basi ingia ndani ufunge madirisha. Linakaa kwenye nguo, basi vua za juu uzifunge kwenye mfuko, na sehemu kubwa yake imeondoka nazo. Linaoshwa kwa maji na sabuni bila kusugua ngozi hadi ichubuke. Maji hayaui mionzi, yanaihamisha tu kutoka mwilini, na hilo linatosha kumwokoa mtu. Aliyeoga na kubadili nguo ni ndugu yako kama jana. Neno moja, na nusu ya maelekezo imo ndani yake.

Kondakta, aliyetoka Kasese, aliuliza kama wao wamekuwa wakiishi juu ya bomu, maana kobalti ilichujwa kwao kutoka kwenye mabaki ya mgodi wa shaba wa Kilembe. Nilifurahi kuulizwa. Kobalti ya Kasese haitoi mionzi ya namna ile. Kobalti-60 hutengenezwa kwa kuiweka kobalti ya kawaida ndani ya kinu cha nyuklia. Jina moja, mambo mawili.

Tuna sheria hapa, Sheria ya Nishati ya Atomiki ya mwaka 2008, na baraza linalotoa leseni na kukagua vyanzo vya mionzi. Vyanzo vyenyewe si vya hospitali tu. Vipo vya kupimia ushindiliaji wa barabara, vya kukagulia maungio ya mabomba, vya viwandani. Kinacholindwa kwa leseni siku ya kwanza ndicho kinachoweza kusahaulika stoo siku kampuni ikifunga, na kutoka stoo hadi kwenye mkokoteni ni hatua moja.

Ndiyo maana nilikwenda Katwe, hapa Kampala. Namfahamu kijana mmoja hapo anayenunua vyuma chakavu, ana mizani ya kuning'iniza kwenye boriti, na kando yake rundo la rimu, sufuria zilizotoboka na betri za gari. Nilimpelekea karatasi mbili nilizochapisha. Ya kwanza ni ile alama ya mabawa matatu meusi juu ya njano, ambayo umbo lake lilibuniwa chuoni Berkeley, Marekani, mwaka 1946. Akaigeuza huku na huku. "Feni," akasema.

Ya pili ni pembetatu nyekundu iliyotolewa mwaka 2007, yenye miale, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Iliundwa kwa sababu watu wengi duniani walisema kama yeye; waliijaribu kwa watu wa nchi 11, Kenya ikiwemo, kabla ya kuipitisha. Hii aliielewa bila kuambiwa. Akaibandika kwa gundi kwenye nguzo ya mizani, usawa wa macho.

Nikamweleza: ukiletewa kitu kidogo kizito kupita kiasi, cha madini ya risasi au chuma kinene, chenye alama hii au hata kisicho nayo, usikipasue, usikiweke karibu na unapokaa, sogea mbali, waite polisi. Alisikiliza vizuri. Alikuwa ameshika kipande cha bomba mkononi, akikipimapima uzito kwa mazoea, kama mama anavyopima nyanya.

"Risasi ina bei, mama," akasema. "Nikimwambia aliyeileta airudishe, atakwenda kwa jirani, na jirani atapasua. Nikiinunua nikaita polisi, ile pesa yangu nani atanirudishia?"

Sikuwa na jibu. Niliandika swali lake nyuma ya karatasi ya feni, na nimeshalipeleka ofisi mbili.